Sauti Anayoisikia Mbwa

Mama Sechelela ameleta maji kwenye dumu la mafuta ya alizeti,
ameyatua juu ya meza yangu bila kubisha hodi.
"Haya. Si ulisema mna mashine?"

Ni maji ya batiki, ya jana, ya Chang'ombe,
yameshakula nta, magadi na haidro,
mekundu ya kiza, mazito kama shutuma.
Kila Jumamosi huyamwaga korongoni,
na korongo la kwetu halina mto, lina mchanga tu;
mchanga hunywa kimyakimya, haumtaji mtu.
Lakini juzi mbuzi wa Chiwanga
alirudi kutoka kisima cha kufukua
midomo ya zambarau, kama mwizi wa zabibu,
na mwezi huu hakuna shamba lenye zabibu.

Nimepima kikombe kimoja.
Nimechovya ncha ya titani. Nimebonyeza.
Hakuna kilicholia.
Mama amesogeza kitenge sikioni, amesubiri.
"Imeharibika?"

Hapana, Mama. Inapiga mara elfu ishirini kwa sekunde,
ngoma inayopita juu ya masikio yetu
kama ndege isiyotua Dodoma.
Ndani ya maji vinazaliwa viputo
vidogo kuliko vumbi la Septemba,
vinavimba, vinashiba, vinajibomokea ndani kwa ndani,
na pale vinapofia, kwa muda usiotosha kupepesa jicho,
pana joto la kuyeyusha chuma,
na kikombe bado ni vuguvugu tu mkononi.
Hapo maji yenyewe huvunjika.
Vipande vyake vyenye njaa huirukia rangi,
hutafuta fundo,
lile la naitrojeni mbili zilizoshikana mikono,
lililoufanya wekundu uwe wekundu.
Fundo likifunguka, rangi haijui tena jina lake.

Hakuelewa, nami sikueleza vizuri.
Nje, mbwa wa mlinzi alishaelewa:
tangu nibonyeze amesimama, masikio wima,
analibwekea dirisha la maabara.
"Anasikia nini yule?"
"Anasikia kazi."

Katika mji huu wa vipaza sauti,
ambako hotuba humtangulia jogoo,
nimejifunza kuiamini sauti
ambayo shahidi wake pekee ni mbwa.

Dakika ya kumi, bado damu.
Ya thelathini, rozela.
Ya hamsini, rozela ya mwenye kibanda mchoyo,
aliyeongeza maji akidhani hatumwoni.

Mama amevuta kiti. Ameuliza kama anayehesabu chenji:
"Kikombe kimoja, saa nzima. Mimi namwaga makarai matatu.
Umeme analipa nani?
Na yakishakuwa meupe, mbuzi anywe?"

Nimejibu la mwisho tu.
Meupe bado si safi, Mama.
Jicho limeridhika, ini halijaulizwa.
Vilivyobaki humo havina rangi, ila vina majina,
na mengine siyajui. Nitayatafuta kesho,
nikipata zamu ya kile kipimo kingine.

Amenitazama kwa muda.
"Afadhali umesema hujui."

Dakika ya sabini feni imezunguka mara mbili za mwisho, kivivu.
Sikutambua kama mashine nayo imezimika;
ukimya wake ni uleule.
Ila nje mbwa amenyamaza,
amejizungusha mara moja, amelala.

Kikombeni, rangi ya ukucha wa mtoto.
Mama amekiinua kwenye mwanga,
na mlima wa Mlimwa umeingia humo,
umepinda, mwekundu kidogo.
Amekirudisha mezani. Amelibeba dumu lake, bado zito.

"Jumamosi hii simwagi," amesema mlangoni.
"Ila uwahi. Ndoo zangu za kuhifadhi ni mbili tu."